Umri Wako Si Kosa: Sheria za Marekani Kuhusu Ubaguzi wa Umri Kazini, na Silaha Tuliyo Nayo Sisi



Ndugu zangu, dada zangu, haya ni maneno niliyozungumza na vijana baada ya swala ya Isha. Wengi hawakufika, wakaomba yaandikwe. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema, kwa hivyo mnisamehe nikirudia jambo.

Nianze na jambo ambalo kila mmoja wenu amekutana nalo. Unafungua simu asubuhi, kuna tangazo la kazi kwenye grupu ya WhatsApp. Unasoma haraka haraka moyo ukidunda. Diploma unayo. Kompyuta unaijua. Kisha unafika chini: "Awe na umri usiozidi miaka 25, na uzoefu wa miaka 5." Sasa hebu piga hesabu. Huyo mtu alianza kazi lini, akiwa bado chuoni?

Mimi mwenyewe nikiwa na miaka 22 niliitwa intavyu mahali fulani. Mzee aliyekuwa mbele yangu alinitazama, akasema, "Wewe mtoto bado, wafanyakazi hapa hawatakusikiza." Nikaondoka. Miaka mitano baadaye mahali pengine wakaniambia walikuwa wanataka mtu "mdogo kidogo" ambaye wangemfundisha wenyewe. Nikajiuliza, jamani, ule umri wangu uliokuwa sawa ulipita lini? Nililala?

Sasa juzi hapa maskani kijana mmoja aliniuliza swali zuri. Ana binamu yake Minneapolis, kule Marekani. Akasema, "Binamu yangu ananiambia kule mtu akikunyima kazi kwa sababu ya umri unamshtaki. Sisi mbona hatuna?" Nikamwambia ngoja nisome, nikupe jibu la maana. Leo nimekuja na jibu. Tutaanza kule kwao, tuelewe wana nini hasa, kwa sababu wengi wetu tunadhani kule kila kitu ni sawa. Kisha tutarudi nyumbani.

Mwaka wa 1964 Marekani ilipitisha Sheria ya Haki za Kiraia, ile iliyotokana na mapambano ya watu weusi. Sheria hiyo ilimkataza mwajiri kubagua mtu kwa rangi, dini, jinsia au asili yake. Umri haukuwekwa. Wabunge walijadili, wakashindwa kukubaliana, wakamwambia Waziri wa Kazi aende akachunguze kisha alete ripoti. Waziri huyo alikuwa Willard Wirtz, na ripoti yake ilitoka mwaka wa 1965. Ilionyesha kwamba katika majimbo ambayo hayakuwa na sheria ya umri, karibu nusu ya nafasi za kazi katika kampuni za binafsi zilikuwa zimefungwa kwa mtu aliyepita miaka 55, na karibu robo zilifungwa kwa aliyepita miaka 45. Waajiri hawakuwa wakificha. Waliandika waziwazi kwenye matangazo, vile tunavyoona sisi leo.

Baada ya ripoti hiyo, Desemba 1967, Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria ya shirikisho dhidi ya ubaguzi wa umri kazini. Nikisema sheria ya shirikisho, maana yake ni sheria ya serikali kuu yao, inayoshika nchi nzima. Inamkataza mwajiri kukunyima kazi, kukufukuza, kukupunguzia mshahara au kukunyima cheo kwa sababu ya umri wako. Inakataza pia tangazo la kazi lenye kikomo cha umri, ila pale ambapo umri ni hitaji la kweli la kazi yenyewe.

Lakini sikizeni vizuri, manake hapa ndipo wengi tunadanganyika. Sheria hiyo inamlinda nani? Inamlinda mtu mwenye miaka 40 na kuendelea. Na mwajiri awe na wafanyakazi 20 au zaidi. Basi. Wewe mwenye miaka 24 ungekuwa kule, sheria hiyo haikujui.

Mwanzoni hata wazee haikuwafikia wote. Ilikuwa inalinda wa miaka 40 mpaka 65 tu. Mwaka wa 1978 wakasogeza mpaka 70. Mwaka wa 1986 wakaondoa kikomo cha juu kwa wafanyakazi wengi, ndiyo maana kule unaweza kumkuta mzee wa miaka 75 yuko kazini na hakuna wa kumwambia nenda nyumbani. Kuna kazi zilizobaki na mipaka. Rubani wa ndege za abiria, kwa mfano, hupaki ndege akifika 65. Polisi na wazima moto wanaweza kuwekewa umri wa kuajiriwa na wa kustaafu.

Haya, sheria iko. Mlango wa kubisha uko wapi? Kule kuna tume inayoitwa EEOC, tume ya serikali kuu ya fursa sawa za kazi. Ukibaguliwa, unapeleka malalamiko yako pale ndani ya siku 180. Kama jimbo lako lina sheria yake ya umri na ofisi ya kuisimamia, unapata mpaka siku 300. Ukichelewa, haki yako inaweza kukupotea hata kama ulionewa kweli kweli. Shikeni hilo la siku, nitalirudia.

Niwape kisa kimoja kilichonifurahisha. Kulikuwa na kampuni inayoitwa iTutorGroup, iliyokuwa ikiajiri walimu wa kufundisha Kiingereza kwa intaneti. Tume ya EEOC iliishtaki mwaka wa 2022. Madai yalikuwa kwamba programu yao ya kompyuta ilipangwa kuwakataa yenyewe wanawake wenye miaka 55 na kuendelea, na wanaume wenye miaka 60 na kuendelea. Hakuna mtu aliyesoma maombi yao. Kompyuta inaona mwaka wa kuzaliwa, inatupa. Zaidi ya watu 200 walikataliwa hivyo.

Ilijulikanaje? Mwombaji mmoja alituma maombi kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa, akakataliwa papo hapo. Akarudi akatuma maombi yale yale, neno kwa neno, ila akabadilisha tarehe ya kuzaliwa awe mdogo. Safari hii akaitwa kwa mahojiano. Kwisha. Mwaka wa 2023 kampuni ilikubali kulipa dola 365,000 kumaliza kesi. Sikuambii udanganye kwenye fomu za kazi, la. Ninakuonyesha kwamba kesi nzima ilisimama juu ya mtu mmoja aliyeweka kumbukumbu ya alichotuma na alichojibiwa.

Kingine. Mwaka wa 2019 Facebook ilifikia makubaliano na mashirika ya haki za kiraia na chama cha wafanyakazi kule Marekani. Waajiri walikuwa wakilipia tangazo la kazi lionekane na watu wa umri fulani pekee. Wewe mwenye miaka 50 hukukataliwa kazi, ila hukujua hata kwamba kazi ipo. Kwa makubaliano hayo, matangazo ya kazi kule hayaruhusiwi tena kuchagua watu kwa umri namna hiyo. Tunalalamika kuhusu matangazo tunayoyaona, na huenda yako mengine ambayo hayatufikii kabisa.

Sasa tuje kwenye udhaifu wake, ili tusiiabudu. Mwaka wa 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa na kesi ya kampuni ya General Dynamics. Wafanyakazi wa miaka ya arubaini walilalamika kwamba wenzao waliopita 50 wamepewa manufaa ya bima ya afya ya kustaafu, wao wamenyimwa. Mahakama ikasema sheria hii ni ya kumlinda mkubwa dhidi ya mdogo. Mdogo hawezi kuitumia kulalamika kwamba mkubwa amependelewa. Kisha mwaka wa 2009, katika kesi ya Gross, mahakama hiyo hiyo ikaongeza uzito. Ikasema mfanyakazi lazima athibitishe kwamba lau si umri wake, asingetendewa vile. Haitoshi kuonyesha kwamba umri ulikuwa sababu mojawapo kati ya nyingine. Sasa mwajiri ana sababu kumi mfukoni, wewe una moja. Mzigo ni wako.

Ndipo zinapoingia sheria za majimbo. Majimbo yao msiyafananishe sana na kaunti zetu. Kila jimbo lina bunge, lina mahakama, na linaweza kutunga sheria ya kazi yenye ulinzi mkubwa kuliko ule wa serikali kuu. Ichukulieni sheria ya shirikisho kama sakafu. Jimbo haliwezi kuchimba chini yake, lakini linaweza kujenga juu.

California, kwa mfano, bado inalinda wa miaka 40 na kuendelea, lakini mwajiri akiwa na wafanyakazi 5 tu tayari anashikwa. New York inalinda kuanzia miaka 18, na tangu mwaka wa 2020 sheria yake ya haki za binadamu inawashika waajiri wote, wakubwa kwa wadogo. Michigan ina sheria ya mwaka 1976 inayotaja umri bila kuweka ile miaka 40. Na Minnesota, huko aliko binamu yake yule kijana, pamoja na ndugu zetu wengi Wasomali waliotoka hapa Kenya, sheria ya jimbo inamlinda mtu mzima yeyote kazini, na inashika hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja. Muda wa kulalamika kwa ofisi ya jimbo ni mwaka mmoja. Kwa hivyo binamu yake alikuwa sahihi. Ila kinachomlinda akiwa kijana ni sheria ya jimbo lake. Ile kubwa ya nchi nzima inamngoja afike 40.

Kuna kesi moja ya New Jersey ambayo kila kijana afaa aijue. Benki moja, Bergen Commercial Bank, ilimwajiri kijana kuwa makamu wa rais wa kusimamia kadi za mkopo. Alikuwa na miaka 25. Kwa madai yake, alipokwisha kuajiriwa mwenyekiti wa benki alimwuliza ana miaka mingapi. Aliposikia 25 akashtuka, akamwambia asimwambie mtu yeyote. Miezi michache tu, kijana akafukuzwa. Akashtaki. Benki ikasema sheria ya umri ni ya wazee. Mwaka wa 1999 Mahakama ya Juu ya New Jersey ikasema hapana, sheria ya jimbo letu imesema umri, haikusema uzee. Mtu akibaguliwa kwa sababu ni mdogo, naye amebaguliwa. Mahakama ikaweka wazi kwamba bado lazima aonyeshe ushahidi, lakini mlango wa kuingia mahakamani alifunguliwa.

Neno moja tu ndani ya sheria lilimfungulia yule kijana mlango, ilhali mwenzake wa umri huo huo akitegemea sheria ya shirikisho peke yake angefungiwa. Kwa hivyo mtu akikuambia "haki zako zinalindwa," mwulize maswali matatu. Neno langu limeandikwa? Nibishe mlango gani? Nina siku ngapi?

Na kabla sijatoka Marekani, jambo moja kwa wale mnaofanya kazi za mtandaoni mkiwa Nairobi au Mombasa kwa kampuni za Kimarekani. Sheria yao ya umri inamlinda mtu anayefanya kazi ndani ya Marekani, awe raia au si raia. Nje ya Marekani inamfuata raia wa Marekani pekee anayefanya kazi kwa kampuni ya kwao. Wewe Mkenya uliyekaa Likoni na kompyuta yako, haikufuati. Kinga yako ni sheria ya Kenya. Basi na tuitazame.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 27, inataja sababu ambazo mtu haruhusiwi kubaguliwa kwazo. Dini imo. Mavazi yamo, na dada zetu wa hijabu mnalijua hilo. Na umri umo. Umeandikwa hivyo tu, umri. Hakuna 40, hakuna wafanyakazi 20. Na kifungu hicho kinaifunga serikali na kinamfunga pia mtu binafsi. Kwa maneno ya Katiba, sisi tuko mbele ya sheria ile ya shirikisho la Marekani. Kijana analindwa na mzee analindwa.

Sasa shuka kwenye Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ile ambayo mwajiri na wakili wake wanaifungua kila siku. Kifungu cha 5 kina orodha: rangi, jinsia, lugha, dini, maoni ya kisiasa, uraia, kabila, ulemavu, ujauzito, hali ya HIV na kadhalika. Umri? Haumo kwenye orodha hiyo. Sheria hiyo ni ya kabla ya Katiba, na Katiba iko juu yake, kwa hivyo mwajiri hawezi kujificha nyuma ya orodha. Lakini lina madhara. Kifungu hicho hicho cha 5 kina zawadi kubwa ambayo hata Wamarekani wangeitamani: ukilalamika kwamba umebaguliwa kwa sababu iliyomo kwenye orodha, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Tumeona kule katika kesi ya Gross mzigo uko kwa nani. Sisi tuna kitu bora, lakini neno umri halijaandikwa mahali pale ambapo kitu hicho kiko. Ukija na lalamiko la umri, unaanza kwa kubishania kama orodha inakuhusu.

Tuwe wakweli pia. Si kila kikomo cha umri ni dhuluma. Sheria ya Ajira inaruhusu masharti ambayo ni hitaji la kazi yenyewe. Na Katiba, kifungu cha 55, inaiagiza serikali ichukue hatua za makusudi ili vijana wapate kazi. Kijana kwa Katiba yetu ni wa miaka 18 mpaka hajafika 35. Mpango wa serikali ukisema ni wa vijana, mzee wa miaka 50 akinyimwa hajaonewa. Swali ni lile lile la kule: umri huo una kazi gani katika kazi hii? Mpiga mbizi wa uokoaji, naelewa. Karani wa kupokea wageni, kwa nini asizidi 28?

Nije sasa kwenye linaloniuma zaidi, na nyinyi wa Pwani na Kaskazini Mashariki mnalijua kuliko mimi. Ukitaka kuingia jeshini kama askari wa kawaida, tangazo hutaka miaka 18 mpaka 26. Na hutaka kitambulisho. Wenzetu sehemu nyingine wanafika 18, wanaenda, wanapewa kipande. Kijana Mwislamu wa Garissa, wa Mandera, au hata wa hapa Pwani ambaye jina lake limemtia afisa shaka, miaka mingi amekuwa akipitishwa kwenye msasa. Lete cha baba. Lete cha babu. Rudi na mzee wa mtaa. Kamati haijakaa, njoo mwezi ujao. Nimeona kijana wa mtaani kwetu aliyeanza kutafuta kipande akiwa na 18 akakipata akiwa na 23. Miaka mitano hiyo nani atamrudishia? Akaomba kazi wakamuuliza uzoefu, na bila kipande hakuna aliyeweza kumwandika. Akajaribu huku na kule, mara 27. Sasa tangazo linamwambia amezidi.

Umeona hapo? Tangazo halikusema Waislamu wasije. Halikusema Wasomali wasije. Limesema umri tu, na kwenye karatasi umri ni sawa kwa wote. Lakini mkono mmoja ulimchelewesha na mkono wa pili ukamkataa kwa kuchelewa. Katiba yetu, katika kifungu hicho cha 27, inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na ule usio wa moja kwa moja. Huo usio wa moja kwa moja ndio huu.

Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondoa msasa huo wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa kaunti za mpakani. Tunalipokea, Alhamdulillah. Lakini kufuta msasa leo hakumrudishii miaka yule aliyekwisha kufika 27. Madai yetu yawe wazi: aliyecheleweshewa kitambulisho na serikali, miaka ile aliyocheleweshwa isihesabiwe dhidi yake pale serikali hiyo hiyo inapoajiri.

Haya, tufanye nini? Nina mambo matano, yaandikeni.

La kwanza, hifadhi. Tangazo la kazi lenye kikomo cha umri, piga skrinshoti kabla halijafutwa, ionekane tarehe. Barua yako ya maombi, weka nakala. Umeambiwa kwa mdomo "wewe mtoto," toka nje, andika siku hiyo hiyo nani alisema, saa ngapi, nani alikuwepo. Kumbuka yule wa iTutorGroup.

La pili, kwa yule wa kitambulisho, tunza karatasi zote za ofisi ya usajili. Ile stakabadhi ya kungojea yenye tarehe uliyoomba na tarehe uliyokipata ni ushahidi. Wengi tunaitupa siku tunayopewa kipande kwa furaha. Usiitupe.

La tatu, uliza kwa maandishi. Katiba kifungu cha 35 inakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Andika kwa adabu: naomba kujua sababu ya kikomo hiki cha umri. Mara nyingine jibu lenyewe ndilo kesi.

La nne, jua milango. Kuna Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na kuna Tume ya Jinsia na Usawa, zote zinapokea malalamiko bila malipo. Kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ipo na Mombasa. Katiba kifungu cha 22 inakuruhusu kwenda mahakamani kwa haki yako au kwa niaba ya wengine, na kesi ya haki za kikatiba haina ada ya kuifungua. Madai yanayotokana na mkataba wa kazi yana muda wa miaka 3. Usikae nayo moyoni mpaka muda ukapita.

La tano, hili ni letu sote. Katiba kifungu cha 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni sheria ibadilishwe. Ombi letu ni fupi sana: ongezeni neno "umri" kwenye kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira. Wenzetu wa New Jersey wametuonyesha neno hilo linafanya nini. Mbunge wako akija mtaani kwa harusi au mazishi, mwulize kuhusu hilo neno kabla ya kumwomba harambee.

Na kabla sijamaliza, tujigeuzie kidole. Sisi wenyewe tuna maduka, tuna madrasa, tuna misikiti yenye kamati. Ni mara ngapi kamati imemkataa kijana aliyesoma uhasibu kwa sababu "hawa watoto," ikaacha hesabu za msikiti kwenye daftari lisilosomeka? Na nyinyi vijana, ni mara ngapi mmemcheka mwalimu mzee wa madrasa kwamba wakati wake umekwisha?

Mtume wetu, swalla Allahu alaihi wa sallam, alimpa Usama bin Zayd uongozi wa jeshi akiwa kijana hata miaka 20 hajafika, na chini yake walikuwemo Masahaba wakubwa. Watu walipoguna, Mtume alisimama akamtetea. Na Abu Ayyub al-Ansari, radhi za Allah ziwe juu yake, alitoka vitani akiwa mzee sana na akafariki katika msafara wa Konstantinopoli. Hakuna aliyemwambia amezidi. Na katika Suratul Qasas, binti wa yule mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Nabii Musa, alitaja sifa mbili, kwamba ana nguvu na ni mwaminifu. Uwezo na amana. Hakutaja miaka.

Kwa hivyo, yule kijana wa maskani, jibu lako ni hili. Binamu yako ana sheria ya jimbo inayomtaja, na ana mlango wenye siku zilizohesabiwa. Wewe una Katiba inayokutaja na sheria ya ajira iliyokusahau. Kuirekebisha ni kazi yetu, na yule wa miaka 27 hana muda wa kungoja. Mwenye skrinshoti au karatasi ya kitambulisho kilichocheleweshwa, tuletee, tuanze kuzikusanya kwa ajili ya hilo ombi.

Allah atujaalie riziki ya halali, na atufanye wenye kusimamia haki hata inapokuwa dhidi yetu wenyewe. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.